Makhan Singh Alicheza Kwao

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab aliyeletwa Kenya mwaka 1927 akiwa kijana, alicheza kwao wala hakutunzwa. Ndugu zetu wa Ngara, mtaa walimoishi Waasia wengi siku za ubaguzi wa kikoloni, wana haki ya kuuliza sababu.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, mtu huyu alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi, akatoa hoja ya kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Haukupita mwezi. Tarehe 15 Mei alikamatwa pamoja na Fred Kubai, mwenzake katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Jaji Thacker alisikiliza shauri lake huko Nyeri, kisha akazuiliwa kaskazini hadi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11! Uhuru ulipopatikana hakupewa wadhifa serikalini, na mwaka 1973 akafariki.

Kosa lake lilikuwa nini? Alikiri waziwazi mbele ya jaji kwamba yeye ni Mkomunisti. Hapo ndipo wengi wetu tuliolelewa kanisani husita. Lakini, ndugu msomaji, hatulazimiki kuikubali itikadi yake ndipo tuitetee haki yake. Siasa ya vyama vingi si zawadi ya kuwagawia tunaokubaliana nao peke yao.

Desturi ya kumfungia mtu kwa ajili ya maoni yake haikuondoka na mkoloni. Julai 1990 iliwakumba Kenneth Matiba na Charles Rubia, ambao hawakuwa Wakomunisti; walidai vyama vingi tu. Anayenyamaza jirani asiyempenda anapofungwa, huiacha wazi njia ya gereza lake mwenyewe.

Mwaka 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Ni vema. Hata hivyo, Makhan Singh alikuwa amekwisha kulipa gharama ya uraia miaka 67 kabla ya tangazo hilo.

Kila tarehe 1 Mei, siku ya wafanyakazi, na atajwe mikutanoni na makanisani. Naye atakayesema tusiyoyapenda, tumjibu kwa hoja, kamwe si kwa pingu.