Kuvumilia Si Dawa

Silipendi neno “vumilia” anapoambiwa mwanamke anayeumia wakati wa tendo la ndoa. Mwanamume akipungukiwa nguvu, dawa hutafutwa. Viagra iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 na dunia nzima ikaijua. Mwanamke akilalamika, huambiwa amemchoka mumewe, au ana jini. Huo ni uonevu!

Maumivu hayo yana sababu: ukavu baada ya kukoma hedhi au wakati wa kunyonyesha, maambukizo, uvimbe, kovu la kukeketwa, hata woga. Mara nyingi hutibika kwa kilainishi, krimu ya homoni, dawa za maambukizo au mazoezi ya misuli ya nyonga.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi kungwi anayemfunda mwari kumridhisha mume, amfunde pia kusema anapoumia. Na mume naye afundwe kusikiliza.