Ondoeni Hiyo Sarafu

Mashine ya santuri ikianza kuruka-ruka, hapa Tororo hakosi mtu wa kutoa sarafu mfukoni na kuibandika juu ya kichwa cha mkono. Ati sindano itulie. Nasema iondoeni! Huko ni kulima santuri.

Sikilizeni, wazee na vijana wenzangu. Kichwa cha mkono kimepindwa kidogo. Kwa hiyo santuri ikizunguka, msuguano wa sindano huuvuta mkono kuelekea katikati, na sindano inakandamiza ukuta wa ndani wa mfuo kuliko wa nje. Kwa santuri za stirio, spika ya kulia ndiyo itakwaruza kwanza. Sasa wewe unaongeza sarafu: uzito umepanda, msuguano umepanda, na mvuto ule ule umezidi. Kinachotakiwa ni antisketi, yaani nguvu ndogo ya kuurudisha mkono nje. Mashine zingine zina kigurudumu chenye namba, zingine kijiuzito kinachoning'inia kwa uzi. Iweke sufuri kwanza, sawazisha mkono uelee, ipe sindano uzito wake. Kama ni gramu 2, anza na antisketi 2, halafu tumia masikio. Basi.

"Kelele ya nini, si nyimbo ziko kwenye simu?" Hilo nalisikia kwa vijana, na kwa watu wa mashirika pia. Si zote ziko! Wakenya waliokimbia ghasia za 2008 walivukia Malaba na Busia, wakawekwa Mulanda, wilaya hii hii, kabla ya wengi kupelekwa Kiryandongo. Mzee mmoja ninayemjua aliacha ng'ombe, akabeba santuri ndani ya blanketi. Zimo benga za D.O. Misiani, ambaye naye alizaliwa Shirati, Tanzania, akajipatia jina Kenya. Hizo labda utazipata kwa simu. Lakini imo moja ya kwaya ya kwao, karatasi yake imefutika, na hatujaipata popote. Mfuo wake ukishachimbwa, kwaya imekwenda.

Wafadhili nao. Kikundi chetu kililetewa mashine, tukapigwa picha nayo. Kitabu cha maelezo hakikuja. Sindano ya akiba hakuna. Kuuliza mafunzo, tukaambiwa bajeti iliishia kwenye chakula cha warsha. Fulana zilikuja, tena nyingi.

Safari ijayo punguzeni fulana kumi, mlete sindano mbili na mizani ndogo ya kupimia. Jumamosi saa nane mashine itakuwa mezani, nimeshairekebisha. Mwenye sarafu aje nayo, mandazi yatauzwa mlangoni.