Cheti cha Saa 75 si Ngazi

Katika matangazo ya vyuo vya kibiashara nchini Marekani, cheti cha muuguzi msaidizi husifiwa kuwa ndio mlango wa kuingilia uuguzi. Wahamiaji wengi huvutwa na sifa hizo, wakiwamo Wakenya na Watanzania ambao huko walikotoka walikuwa walimu na makarani.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 iliweka kima cha chini cha mafunzo hayo kuwa saa 75, muda ambao hautimizi hata majuma mawili ya kazi. Baadhi ya majimbo yameongeza, lakini kwa kudonoadonoa. New York humtaka muuguzi msaidizi asome saa 100, na msusi wa nywele saa 1,000! Yaani kichwa cha bibi kizee kina thamani zaidi kikiwa mbele ya kioo cha saluni kuliko kikiwa juu ya mto wa mgonjwa.

Na kazi yenyewe si ya mzaha. Muuguzi msaidizi ndiye amwogeshaye mgonjwa, amlishaye, amgeuzaye kitandani asipate vidonda. Naye ndiye wa kwanza kuona kwamba mzee aliyekula vizuri jana, leo hagusi chakula. Kwa jasho hilo, takwimu za Mei 2024 zaonyesha kuwa nusu yao walipata chini ya dola 39,530 kwa mwaka. Kwa wauguzi waliosajiliwa, kiwango hicho cha katikati kilikuwa dola 93,600.

Watetezi wa mpango huu hudai kwamba mwenye bidii atapanda. Atapanda kwa ngazi ipi? Atakaye leseni ya uuguzi huanza upya darasani kwa mwaka mmoja au zaidi, na miaka aliyokesha kando ya vitanda kwa kawaida haihesabiwi.

Mwaka 2024 serikali ya Washington ilitoa kanuni kwamba kila mkazi wa nyumba ya wazee ahudumiwe na wauguzi wasaidizi kwa saa zisizopungua 2.45 kwa siku. Wenye nyumba hizo wakakimbilia mahakamani wakilia kuwa watu wa kuajiri hawapatikani, na Aprili 2025 hakimu wa shirikisho huko Texas akaifuta. Kilio cha ajabu, kutoka kwa walipaji wa ujira kama huo!

Lipo jambo ambalo wauza vyeti hawapendi litajwe. Sheria ya shirikisho inaikataza nyumba ya wazee ipokeayo fedha za Medicare au Medicaid kumtoza karo ya mafunzo mtu iliyekwisha kumwajiri. Na aliyejilipia, akiajiriwa humo ndani ya miezi 12, anastahili kurudishiwa gharama. Mhamiaji na aulize hilo kabla ya kufungua mkoba.