Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Wahenga wa Pwani walituachia methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Nimeifundisha methali hii kwa miaka mingi, na kila mara huwauliza wanafunzi ni kiambishi gani kilichojificha mwishoni mwa neno 'mbachao'. Hujibu upesi kwamba ni kimilikishi, yaani 'mbacha wako'. Jibu ni sahihi. Ila nimetambua kwamba mtu aweza kuijua sarufi ya umilikishi asikitambue kilicho chake nyumbani.

Nasema hivi kwa sababu nami ni miongoni mwa walioacha. Nyumbani kwetu Gesima, katika milima ya majani chai ya Nyamira, marehemu babu alikuwa na kigoda, au ekerogo kama tukiitavyo kwa Ekegusii. Kilikuwa cha mviringo, cha miguu mitatu, na juu yake shanga ndogo za rangi zilikuwa zimepachikwa ndani ya mti wenyewe. Hakuna mjukuu aliyethubutu kukikalia. Baada ya babu kufariki, akapita mchuuzi mmoja akinunua vitu vya kale. Baba mdogo alinipigia simu kuniuliza, kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa msomi wa ukoo. Nilikuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu, nina haraka, nikajibu: "Uzeni tu, kina kazi gani?" Kikauzwa kwa bei ya viti viwili vya plastiki. Viti hivyo vya plastiki vilivunjika zamani.

Leo ninapowatembelea walimu wenzangu huona sebule zilizojaa makochi makubwa ya mkopo, yaliyofunikwa vitambaa ili yasichafuke, ilhali kigoda cha nyanya kimetupwa jikoni kikikalisha sufuria. Kwa upande mwingine, wako waliozinduka na sasa wanatafuta viti vya kale kwa pupa, wakinunua chochote chenye moshi na vumbi. Makundi haya mawili yana kosa moja. Hayaulizi kiti ni cha nani na kilitumikaje. Hoja yangu ni kwamba kiti cha kale huchaguliwa kwa historia yake kwanza, halafu kwa ubora wa kazi ya fundi, na bei huja mwisho.

Yamkini msomaji atauliza, kiti kina historia gani? Na aitazame lugha anayoizungumza kila siku. Anayeongoza mkutano ni mwenyekiti. Mbunge akifariki, kiti huwa wazi. Mafundi wa Lamu na Siyu walitengeneza viti vya enzi kwa mpingo, wakavinakshi kwa pembe na mifupa, ili akivikalia mtu ajulikane ni nani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha wadhifa wa kitaaluma wa kumuenzi Nyerere mwaka 2008, uliitwa Kigoda cha Mwalimu. Huko Ghana, gavana Mwingereza Frederick Hodgson alipodai mwaka 1900 aletewe Kigoda cha Dhahabu cha Waasante akikalie, vita vilizuka, vikiongozwa na mwanamke, Yaa Asantewaa. Watu hawamwagi damu kwa sababu ya kipande cha mti. Walipigania kile ambacho kigoda kilikiwakilisha.

Kigoda cha Mgusii nacho kilikuwa na nafasi yake. Katika jamii inayozingatia chinsoni, zile taratibu za heshima na haya baina ya vizazi, mahali pa kuketi ni sehemu ya adabu. Fauka ya hayo, kilikuwa na hekima ya ufundi. Mwalimu wa hisabati atathibitisha kwamba nukta tatu zisizokuwa katika mstari mmoja hukaa daima katika bapa moja. Ndiyo maana kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu ya udongo yenye mabonde, hali kiti cha miguu minne huhitaji kutiwa kijiti chini ya mguu mmoja.

Basi anayetaka kuchagua na akipindue kwanza. Kigoda halisi cha aina hii kimechongwa kutokana na gogo moja. Bao na miguu ni mti ule ule, hakuna msumari wala gundi. Atazame uchakavu. Kiti kilichokaliwa kwa miaka mingi hulainika pale mwili ulipogusa, na nyayo za miguu yake huliwa kwa namna isiyolingana. Kikiwa kimechakaa sawasawa kila mahali, huenda kimezeeshwa kwa msasa. Akisugue kwa kitambaa cheupe, kwa kuwa rangi ya viatu huweza kutoka, lakini moshi wa jikoni wa miaka mingi hautoki kwa urahisi. Shanga chache zikiwa zimeng'oka, asizijalize kwa mpya. Pengo hilo ni sehemu ya umri wake. Akiona unga mpya wa mbao chini yake, ajue wadudu wangali wanakula.

Kwa viti vya zamani vyenye maegemeo, vile vya mvule vilivyotengenezwa na maseremala wetu, achunguze viungo. Fundi mzuri aliingiza ulimi wa mbao katika tundu. Kiungo kikilegea, seremala hukifungua na kukitia gundi upya. Anayepigilia msumari hukipasua. Tena asiharakishe kupaka vanishi, kwani hufunika alama zote zinazosimulia maisha ya kiti.

Sheria nayo ina neno. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, kifaa kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni cha kale kisheria, na hakisafirishwi nje ya nchi bila kibali. Kiti chenye pembe ya ndovu kinahitaji tahadhari zaidi, kwani biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Tusidhani uchukuzi huu ni jambo dogo. Maonyesho yaliyofanyika katika Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi mwaka 2021 yalitokana na utafiti uliohesabu zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za ng'ambo.

Kuna watakaosema kwamba kigoda hakiliwi, na kwamba mzazi anayedaiwa karo hana budi kuuza. Simlaumu mzazi huyo hata kidogo. Lawama ni yetu sisi wenye mishahara, tuliosomeshwa na wazee wale wale, tunaoweza kukinunua kigoda hicho kikabaki ukooni lakini tunachagua kochi. Na asiye na cha kale asihangaike. Aagize kipya kwa mchongaji aliye hai, naye mchongaji apate riziki na kijana wa kumrithi.

Kwenu walimu na wanafunzi nina ombi. Likizo ijayo, kila mwanafunzi akitafute kiti kikongwe kuliko vyote nyumbani kwao, aulize nani alikichonga, nani alikikalia na nani alikatazwa. Kisha aandike insha ya Kiswahili, ahifadhi na majina ya sehemu zake kwa lugha ya mama. Kazi hiyo haihitaji kitabu cha kununua, nayo itafunza zaidi ya insha nyingi tunazotunga kuhusu safari za ndege ambazo hatujapanda.

Mimi nilijaribu kufidia kosa langu. Nilinunua kigoda cha kale katika duka moja la vinyago jijini Nairobi, kwa bei nisiyothubutu kuitaja, nikakipeleka Gesima. Shanga ni zile zile, miguu ni mitatu. Mama alikitazama kwa muda, akakigeuza, akaniuliza: "Hiki kilikuwa cha nani?" Sikuwa na jibu. Akakirudisha chini polepole, akaenda kuketi penginepo.