Hela ya shaba isiishie kwenye mizani ya vyuma chakavu

NENO hela hutamkwa kila siku sokoni, lakini wanaolitamka wengi hawajawahi kuishika hela yenyewe. Ni sarafu ndogo ya shaba nyekundu, gramu nne tu, iliyoanza kutolewa na Wajerumani mwaka 1904, pale rupia moja ilipogawanywa kuwa heller 100 badala ya pesa 64 za awali. Upande mmoja ina taji na maneno Deutsch Ostafrika, upande wa pili thamani yake ndani ya shada la majani. Jembe huzifukua mpaka leo.

Kinachosikitisha ni mahali zinapoishia. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupima shaba kwa kilo. Sarafu ya heller tano ya 1908 na 1909, pana kiasi cha milimita 37, ina gramu 20, kwa hiyo zinatakiwa 50 kutimiza kilo moja. Anayezimwaga mizanini analipwa bei ya nyaya zilizoungua kwa sarafu iliyotengenezwa miaka miwili tu, kisha mwaka 1913 ikaachiwa nafasi na ndogo yenye tundu.

Upo pia upotevu wa aina ya pili, nao ni mbaya zaidi. Matapeli huzunguka wakinadi kuwa sarafu yoyote ya Mjerumani ni mamilioni, na mwenye duka anauza mtaji wake kununua rupia moja ambayo mteja wake "yuko njiani kutoka Ulaya". Mteja huyo hafiki. Heller moja ilitengenezwa kwa mamilioni, na kwa wakusanyaji ni miongoni mwa sarafu za bei ndogo. Hapo ndipo ilipo nafasi ya mtu wa kipato cha chini anayependa kukusanya: fedha na dhahabu awaachie wenye nazo, yeye aanze na shaba.

Pa kuanzia ni nyumbani. Senti tano ya Tanzania iliyotoka kwanza 1966, yenye pembe 12 na picha ya samaki sulisuli, imelala katika makopo ya vifungo ya bibi wengi. Zinafuata senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, zilizotolewa tangu 1921 hadi 1964. Katika hizo atafute ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Mfalme huyo aliachia kiti Desemba mwaka huohuo, na sarafu zenye sura yake ni adimu na ghali mno. Hizi za kwetu hazikuwa na sura, zilikuwa na jina tu, zikatengenezwa na kutumika kama kawaida. Ni bahati ambayo mkusanyaji wa London mwenyewe anaihitaji.

Mwenye uwezo kidogo zaidi atafika kwa pesa ya Sultani Barghash ya Zanzibar, yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, takriban 1882 kwa kalenda ya kawaida. Au heller 20 za Tabora za 1916, zilizogongwa vitani kwa shaba na maganda ya risasi za mizinga. Zimekaa ovyo kwa sura, na wengi huzipita wakidhani ni bandia.

Aliyetenga shilingi elfu kumi kwa mwezi ni heri anunue moja inayosomeka vizuri kuliko kumi zilizosagika. Aende na sumaku: shaba haishikwi, na ikishikwa basi ndani ni chuma. Yenye unga wa kijani unaodondoka aiache, maana unga huo huendelea kuila. Na asiisugue kamwe kwa limao na majivu. Rangi ya kahawia ya miaka mia ndiyo anayoilipia mnunuzi. Ikishang'aa, bei imekwenda na povu. Bahasha kavu ya karatasi inatosha, hasa Pwani kwenye hewa ya chumvi.

Kuna mpaka wa sheria usiofaa kuchezewa. Nchini Tanzania vitu vya kale vya kabla ya 1863 vinalindwa na sheria ya 1964, zikiwamo sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa. Kenya, kwa sheria ya 2006, mstari uko 1895, hivyo hata pesa ya Mombasa ya 1888 imo. Anayetembeza sarafu za Kilwa mtaani hauzi mali yake.

Mwenye mizani ya vyuma chakavu naye angeweza kuweka kopo moja pembeni, kila kiduara cha shaba chenye maandishi kiingie humo kabla ya gunia kushonwa. Heller moja isiyosagika ikimpata mkusanyaji, huenda ikamlipa zaidi ya gramu zake nne.