Fundi Mgeni Hayumo Riwayani

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nawasema. Atakayenuna na anune.

Nasoma hadithi zetu sisi chipukizi, toleo hadi toleo. Mgeni akitokea humo ni wa aina mbili tu: mtalii mwenye kamera shingoni, ama mtasha tajiri aliyekuja kumbeba msichana wetu ampeleke mamtoni. Basi. Ukiuliza huyo bwana asubuhi anafanya kazi gani, hadithi kimya. Huo ni uvivu, jamani, na unatugharimu kuliko tunavyodhani.

Mimi naishi Makutupora. Nasema hii ya Manyoni, ya reli, siyo ile ya zabibu na kambi ya JKT jirani na Dodoma mjini. Mkataba wa reli mpya kutoka Morogoro hadi hapa kwetu, kilomita 422 pamoja na njia za kupishania, ulisainiwa mwaka 2017. Ule wa kutoka hapa hadi Tabora, kilomita 368, ukafuata Desemba 2021. Yote miwili ilikwenda kwa kampuni moja ya Kituruki, Yapı Merkezi. Kwa hiyo mgeni wetu hakuja kupiga picha simba. Ni mtaalamu wa umeme, wa mawasiliano, wa mitambo ya kuongozea treni. Familia kaiacha kwao, analala kambini, anakula kwa zamu. Akiitwa kikaoni Dar es Salaam anaondoka alfajiri na kompyuta begani na kibali mfukoni, anarudi keshokutwa kwenye vumbi lilelile. Wanaodhani safari ya kikazi ni starehe hawajamwona mtu akisinzia kwenye gari la mradi.

Sasa niambieni, hapo hamna riwaya? Huyu anaingia dukani kwa mzee, anatamka "merhaba", ndiyo salamu ya kwao. Mzee anatoa macho: kijana anajibu marahaba, nani kamwamkia shikamoo? Chai yake ni "çay", kalamu yake "kalem", habari yake "haber". Hata saa zetu zinalingana, maana tangu mwaka 2016 Uturuki haibadili tena majira ya saa. Lakini yeye akisema "saat yedi" ni saba, na kwetu hiyo ni saa moja asubuhi. Mwambie kibarua aje saa saba, uone kama hatafika jua la utosini na siku yake ikaliwa.

Wapo watakaosema mambo ya nyaya na mitambo si fasihi. Mimi nimeambiwa hivyo mara mbili na mswada wangu ukarudi. Ajabu ni kwamba haohao walikesha na Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa kupanda ndege. Safari ya kikazi ya jasusi ni fasihi, ya fundi siyo? Kwa sheria ya nani?

Wengine watauliza: kwa nini tumwandike mgeni wakati vibarua wetu wana shida? Swali zuri. Lakini huwezi kumwandika anayepokea amri ukamwacha anayeitoa. Wote wawili wameshika waya mmoja.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inampa mgeni kibali cha miaka miwili, na hata akikihuisha, kina kikomo chake. Inamtaka pia mwajiri awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi ule. Safi sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ujuzi unarithiwa kwa maneno, na maneno hayo yako wapi? Kijana wetu anafundishwa kwa kunyooshewa kidole na vipande vya lugha tatu. Mgeni akifunga begi lake, kijana kabaki na kazi mikononi lakini hawezi kumsimulia mdogo wake.

Mjerumani alifikisha reli Dodoma mwaka 1910 na Tabora 1912, halafu akaondoka. Katika lugha alituachia "shule". Wazee wetu nao hawakukaa bure, wakaliona lile dude linatoa moshi, wakaliita garimoshi. Treni za umeme zilipoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma, Julai 2024, moshi haukuwepo tena. Sisi waandishi tukasema nini? SGR. Herufi tatu za Kiingereza! Ile yenye pua ndefu imepata jina zuri, Mchongoko, na sikuliokota kwenye riwaya yoyote.

Hilo linaniuma. Hivi kazi yetu sisi ni nini kama wapiga debe wanatutangulia kwa maneno?

Basi acheni kuandika Paris msiyoijua. Nenda kakae na fundi, wa kwetu na wa kwao, umuulize chombo kile anakiitaje, analala saa ngapi, mwanawe anamkumbuka kwa sura au kwa sauti ya simu. Usimfanye malaika, usimfanye mkoloni kabla hujamsikiliza. Andika kwa Kiswahili, na neno likikosekana, litunge. Vibali vina tarehe ya mwisho, ndugu zangu.