Nani Atunge Sheria?

Ni uvivu kusema kwamba watu milioni 17.4 waliopiga kura ya kuitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, tarehe 23 Juni 2016, walidanganywa tu au waliwachukia wageni. Uongo ulikuwepo: basi jekundu la kampeni ya kujitoa lilizungushwa nchini likidai kwamba pauni milioni 350 hupelekwa Brussels, makao ya Umoja, kila wiki, bila kutoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipata. Chuki nayo ilikuwepo. Ila katika kura ya maoni ya Lord Ashcroft, iliyohoji watu zaidi ya 12,000, karibu nusu ya waliotaka kujitoa walisema sababu yao kuu ni kwamba mambo ya Uingereza yaamuliwe Uingereza. Theluthi moja walitaja wahamiaji na mipaka. Waliotanguliza uchumi na biashara walikuwa asilimia 6 tu, na upande wa kubaki ukakesha ukiwahesabia hasara!

Tuitazame Grimsby, mji wa wavuvi ambako karibu asilimia 70 walitaka kutoka. Haki ya kuvua chewa kule kaskazini waliipoteza kwa Iceland, iliyotanua maji yake hadi maili 200 na kushinda mvutano wake na London mwaka 1976. Hapo Brussels imesingiziwa. Lakini samaki wa nyumbani nao waligawanywa kwa mgao wa Ulaya, na kampuni za Kihispania zikasajili meli zao Uingereza ili zivue katika fungu la Waingereza. Bunge likatunga sheria mwaka 1988 kuzizuia. Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba majaji wa Uingereza lazima wawe na uwezo wa kuisimamisha sheria hiyo, nayo ikasimamishwa. Mvuvi aliyeona hivyo hakuhitaji basi jekundu kumwambia kwamba mbunge wake ana bosi.

Kwa wahamiaji ni vivyo hivyo. Nchi za Ulaya Mashariki zilipojiunga mwaka 2004, serikali ya Tony Blair ilifungua soko la ajira mara moja, ilhali nchi nyingi wanachama zilichagua kusubiri. Uamuzi ni wa London. Baadaye waziri mkuu David Cameron akaahidi kupunguza wahamiaji, na karibu nusu yao, kwa sheria za Umoja, hakuwa na uwezo wa kuwazuia. Boston, mji wa mashamba ya mboga uliopokea wafanyakazi wengi kutoka Poland na Lithuania, ulipiga asilimia 75.6 kutoka.

Kwa maoni yetu, lawama nyingi zilistahili kupelekwa kwa Bunge la Westminster. Hata hivyo swali la nani anatunga sheria, na mpiga kura atamwondoaje, lilikuwa halali, na waliotaka kubaki walilijibu kwa bei za bidhaa.

Makala za toleo hili zinalichukua swali hilo kwa uzito wake. Wasomaji wetu walioko huko wana la kuongeza: Mkenya au Mtanzania mkazi wa Uingereza aliruhusiwa kupiga kura ile kama raia wa Jumuiya ya Madola, wakati jirani yake Mpolandi hakuruhusiwa. Kama ulipiga, tuandikie ulichagua upande gani, na kwa nini.